Kanjo, Kwanza Nunueni Mizani

Nimekuwa kimya hapa karibu mwezi mzima, na safari hii siwezi kusingizia kazi za wateja. Nilikuwa napima takataka.

Ndiyo, takataka. Yule mwandishi wa programu mliyezoea kumsoma akilalamika kuhusu hifadhidata na intaneti inayokatika mvua ikinyesha, ameshinda sokoni mjini Meru Jumamosi tatu mfululizo akisukuma mkokoteni na kusoma mizani. Mama yangu anauza ndizi katika soko hilo. Jumamosi ya kwanza aliona haya, akajifanya hanijui. Ya pili akaniletea chai.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye mkutano wa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Kaunti gani sitasema. Nimezaliwa Meru, nafanya kazi Embu, na jamaa zangu wanalipa ushuru wa soko pande zote mbili, kwa hiyo kisieni wenyewe. Tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema, afisa mmoja akasoma orodha ya miradi iliyowekwa chini ya kichwa "mabadiliko ya tabianchi": taa za barabarani za sola, paneli za sola juu ya paa la ofisi, miche ya miti. Watu wakapiga makofi. Mimi nikainua mkono nikauliza: kila mradi utapunguza kilo ngapi za gesi kwa mwaka?

Kimya. Halafu afisa, kwa upole kabisa, akanijibu, "Kijana, hizo ni hesabu za wataalamu."

Nilirudi nyumbani na jibu hilo likinikera kama kosa dogo kwenye programu ambalo huwezi kulala kabla ya kulipata. Kwa sababu si kweli. Hizo ni hesabu za darasa la nane: kuzidisha na kugawanya. Kinachotakiwa ni kujua unazidisha nini. Sasa nimeshazifanya, na ninachotaka kusema leo ni hiki: kaunti zetu zinatumia pesa za tabianchi mahali ambapo gesi haipo, na mahali ilipo gesi hawajaweka hata mizani.

Haya, tuanze na umeme, maana ndiko kila mtu anakokimbilia.

Karibu uniti tisa kati ya kila kumi za umeme unaozalishwa Kenya hazitoki kwenye mafuta. Zinatoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji, upepo na jua. Ukitoka Embu mjini ukashuka upande wa Mbeere utayakuta mabwawa ya Mto Tana yakiwa yamepangana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Kindaruma linatoa umeme tangu 1968! Watu wa Embu walikuwa jirani wa umeme safi kabla neno "tabianchi" halijaingia kwenye kamusi zetu (ingawa wengi wa majirani hao walikaa gizani miaka mingi wakitazama nyaya zikipita juu kuelekea Nairobi, lakini hayo nitayaandika siku nyingine, nikiwa na hasira ya kutosha).

Sasa chukua taa moja ya barabarani ya zamani, ile ya rangi ya chungwa, yenye wati 250. Inawaka saa 12 kila usiku, hiyo ni uniti 3. Kwa mwaka ni uniti 1,095. Kila uniti ya umeme wetu nimeipa gramu 100 za hewa ukaa, makadirio yangu mwenyewe ya kazi hii. Jumla: kilo 110 kwa mwaka. Ukiing'oa taa hiyo ukaweka ya sola, umeokoa kilo 110. Basi.

Ushauri wa kuanza na taa na paneli umeandikwa kwa ajili ya miji inayotumia umeme wa makaa ya mawe. Mji wa Afrika Kusini au Polandi ukipunguza uniti moja umepunguza gesi nyingi kweli kweli. Sisi tumechukua ushauri ule ule tukaubandika Meru na Embu bila kusoma masharti, kama mtu anayenakili programu kutoka kwenye mtandao bila kuangalia imeandikwa kwa mashine gani. Inafanya kazi? Ndiyo, inawaka. Inafanya kazi uliyoinunulia? Hapana.

Sasa twende sokoni.

Ukipita soko lolote kubwa la huku jioni, Gakoromone, Embu mjini, Nkubu, Runyenjes, Maua, utaona kinachobaki chini: maganda ya ndizi na mikungu yake, majani ya kabeji, nyanya zilizopasuka, viazi vilivyooza, maembe kwa msimu wake, na kule Maua matawi ya miraa pamoja na majani ya mgomba yaliyoifunga. Hii ni nchi ya mboga na matunda. Zaidi ya nusu ya kinachofagiliwa ni kitu kilichokuwa hai wiki iliyopita. Plastiki ndiyo inayoonekana kwa macho kwa sababu ina rangi na inapeperuka, lakini ukipima uzito, rundo ni chakula.

Chakula kikitandazwa juani kinakauka na kuoza taratibu bila madhara makubwa. Kikirundikwa jaani juu ya chakula kingine, hewa haifiki chini. Huko chini wadudu wadogo wasiohitaji hewa wanakila, na wanachotoa ni methani. Kilo moja ya methani, ukiipima kwa miaka 100, inaongeza joto kama kilo 27 hivi za hewa ukaa. Kwa miaka 20 ya mwanzo ni mbaya zaidi, inakaribia mara 80.

Wataalamu wa IPCC, lile jopo la kimataifa la tabianchi, wana mwongozo wa kukadiria jambo hili, wa mwaka 2006, na ni wa bure, mtu yeyote anausoma. Nilipoufungua nilitarajia hisabati ya kutisha. Nikakuta mstari mmoja ambao ningeuandika kwenye programu kabla chai haijapoa:

1000 × 0.15 × 0.5 × 0.4 × 0.5 × 16/12 = 20

Nitaueleza haraka. 1000 ni kilo za taka za chakula, yaani tani moja. 0.15 ni sehemu ya uzito huo ambayo ni kaboni inayoweza kuoza. 0.5 ya kwanza ni sehemu ya kaboni hiyo ambayo kweli itaoza. 0.4 ni aina ya jaa: lisilosimamiwa na lenye kina kifupi, chini ya mita 5. 0.5 ya pili ni kwamba nusu ya gesi inayotoka ni methani. 16/12 inageuza uzito wa kaboni kuwa uzito wa methani. Jibu ni kilo 20 za methani. Zidisha kwa 27, unapata kilo 540.

Haitoki yote siku moja, inatoka kwa miaka. Lakini itatoka. Na jaa likiwa refu, mita 5 na zaidi, ile 0.4 inakuwa 0.8, na tani ile ile ya maganda inakuwa kilo 1,080.

Tulia kidogo uangalie namba hizo mbili. Taa moja, mwaka mzima: kilo 110. Tani moja ya maganda ya ndizi, mzigo ambao lori la kanjo hulibeba bila kusikia: kilo 540.

Narudi kwenye mkutano wa bajeti. Paneli za kilowati 10 juu ya paa la ofisi, kwa jua la huku, zitatoa labda uniti 15,000 kwa mwaka. Hiyo ni tani moja na nusu ya hewa ukaa. Ni sawa na kuchukua tani nne za maganda na kuyageuza mbolea badala ya kuyatupa. Tani nne! Soko kubwa linatoa hizo kabla ya chakula cha mchana siku ya soko. Na paneli zitazinduliwa kwa utepe, na jiwe la ukumbusho, na hotuba.

Nilipomweleza mama haya yote, nikiwa nimefurahi kama mtu aliyegundua moto, alinisikiliza mpaka mwisho huku akipanga ndizi. Kisha akasema, "Kijana wangu, mimi taa ile ndiyo inafanya nifungue saa kumi alfajiri. Kabla haijawekwa tulikuwa tunaibiwa na mikungu." Akaendelea kupanga ndizi.

Sikuwa na jibu, na sasa hivi pia sina la kumshinda. Taa ni usalama. Taa ni biashara. Hata jina tulilozipa zile kubwa za kwenye nguzo ndefu, mulika mwizi, linasema kazi yake waziwazi (jina tulilolipa pia lile la Nokia lenye tochi, mnalikumbuka?). Kwa hiyo nielewekeni: wekeni taa. Wekeni hata za sola, ikiwa bili ya umeme inawaumiza, na najua inawaumiza. Ninachokataa ni kuzilipia kutoka kwenye kapu la tabianchi halafu kapu likawa tupu lori la taka linapofika. Taa ilipiwe kama taa.

Na hapa ndipo penye jambo lenyewe, kwa sababu siku hizi kapu hilo lipo. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inaitaka kila kaunti iingize suala hili kwenye mipango yake ya maendeleo, na kila mwisho wa mwaka wa fedha ipeleke ripoti ya utekelezaji kwenye bunge la kaunti. Kuna mpango wa FLLoCA, ulioanza 2021 kwa pesa za Benki ya Dunia na wengine, ambao ulizitaka kaunti ziwe na sheria, mfuko na kamati za tabianchi hadi ngazi ya wadi. Mara nyingi pesa hizo huenda kwenye maji na kuhimili ukame, na kwa mtu wa Kiritiri au Tharaka hilo ni sawa kabisa, sina neno. Lakini zile zinazosemwa ni za kupunguza gesi, zipunguze gesi.

Wala kaunti haiwezi kusema taka si kazi yake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti uzoaji wa taka, majaa, masoko, machinjio, taa za barabarani, maegesho na barabara za kaunti. Tangu mabaraza ya miji yavunjwe 2013 na kaunti kushika usukani, kila lundo la taka mjini lina mwenyewe. Halafu kuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayosema taka zitenganishwe pale zinapozalishwa: zinazooza peke yake, nyingine peke yake. Sheria ni nzuri. Niulizeni nimeona mapipa mawili ya rangi tofauti katika masoko mangapi.

Basi tufanye hesabu ya soko moja. Ni ya mfano, si ya soko fulani: soko linatoa tani 5 za taka zinazooza kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Ni tani 1,500. Zikienda jaani lisilo refu, ni tani 810 za gesi. Zikigeuzwa mbolea nazo hazitoki bure, na watu wanaouza mbolea ya mboji hupenda kuficha hili: lundo la mboji pia hutoa methani kidogo na gesi nyingine ya nitrojeni. Kwa viwango vya IPCC ni kama kilo 174 kwa kila tani. Kwa hiyo tani 261. Faida ni tani 549 kwa mwaka.

Hizo ni taa 5,000.

Sasa wapo watakaosema mboji ilishajaribiwa ikashindwa, na wana haki. Nimeongea na wazee wawili waliowahi kuwa kwenye vikundi vya vijana wakati huo (leo ndio wazee, mambo haya yana umri) na sababu zao zilikuwa zile zile. Taka zilikuja zimechanganyika na plastiki na vioo, wakulima wakakataa kuzimwaga shambani. Lundo halikugeuzwa, likawa jaa dogo lenye harufu, majirani wakalalamika. Na kikundi kilipewa mashine ya kusaga na mfadhili, ikaharibika, kikaishia hapo. Hakuna hata sababu moja kati ya hizo inayohusu wakulima kukosa haja. Wakulima wa viazi wa Kibirichia wananunua samadi kwa lori. Ardhi ya Mbeere ina njaa ya mbolea. Mnunuzi yupo, tatizo ni usafi wa mali.

Usafi huo unaamuliwa saa moja tu ya siku, jioni wakati mama anafagia mbele ya kibanda chake. Akiwa na magunia mawili na mtu wa kuyachukua kabla hayajanuka, atatenganisha. Najua kwa sababu tayari anafanya hivyo! Wenye ng'ombe wa kufungiwa hupita sokoni jioni kuchukua maganda ya ndizi na majani ya kabeji, na akina mama huwawekea pembeni, tena safi, kwa sababu ng'ombe akila plastiki mteja harudi. Hakuna aliyewapa semina. Kaunti ingeanza kwa kuwapa hao watu wa ng'ombe lango na saa yao. Kinachobaki ndicho kiende kwenye mboji, au kwenye mabuu ya nzi weusi wa kulisha kuku, jambo ambalo wale wa icipe kule Nairobi wamelifanyia utafiti wa kutosha.

Machinjio ni vivyo hivyo. Kule Kiserian, kaunti ya Kajiado, machinjio ya Keekonyokie yalianza kugeuza damu na yaliyomo matumboni mwa ng'ombe kuwa gesi ya kupikia. Si Ujerumani, ni Kiserian, unafika kwa matatu.

Kuhusu mafuta ya magari nitakuwa mfupi, maana hesabu ni rahisi na siasa ndiyo ngumu. Lita moja ya dizeli hutoa kilo 2.68 za hewa ukaa. Pikapu ya ofisi inayokwenda kilomita 2,500 kwa mwezi na kula lita moja kwa kila kilomita 10, hiyo ni lita 250, kilo 670, yaani tani 8 kwa mwaka. Taa zaidi ya 70, katika pikapu moja. Lori la taka linalokwenda jaani mara nne kwa siku, kilomita 20 kwenda na kurudi, likila lita moja kwa kilomita 3, linachoma kama lita 8,000 kwa mwaka. Ukitenganisha taka sokoni, nusu ya safari hizo hazipo tena, na lita 4,000 za dizeli ni pesa ambazo mhasibu yeyote anazielewa hata kama haamini habari za tabianchi.

Namba za mafuta tayari zipo. Kila gari la serikali lina daftari la safari, dereva anaandika kilomita na lita. Nilikwenda kuziomba katika ofisi moja. Niliambiwa niandike barua. Nikaandika, nikitaja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inatoa siku 21. Siku 21 zimepita. Nikarudi, nikaambiwa barua iko mezani. Iko mezani bado, nadhani inapumzika.

Kitu ambacho umeme safi unatufaa kwacho ni pikipiki. Hapa nashangaa hakuna MCA anayepiga kelele. Boda boda inayokwenda kilomita 100 kwa siku inachoma kama lita 2.5 za petroli. Kwa siku 300 hiyo ni tani 1.7 za hewa ukaa. Ya umeme, kwa umeme wetu huu wa mvuke na maji, ni kama kilo 120 tu. Kila kijana atakayebadilisha pikipiki ni sawa na taa 14. Kaunti haihitaji kumnunulia mtu pikipiki. Ina stendi, ina vibali, ina maegesho, ina ardhi ndogo ndogo mjini. Itoe kibali cha kituo cha kubadilisha betri kwa wiki moja badala ya miezi, imsamehe ada ya stendi mwenye pikipiki ya umeme kwa mwaka mmoja, wenye kampuni watakuja wenyewe. Milima ya kutoka Meru mjini kupanda upande wa msitu itakuwa mtihani kwa betri, sikatai. Tuanze na Embu na Makutano, penye tambarare kidogo.

Kuni za jikoni za hospitali na vyuo vya ufundi: majiko makubwa yaliyoboreshwa yapo, yanunuliwe, yanajilipa kwa kuni. Ng'ombe: katika hesabu za taifa kilimo ndicho kinaongoza kwa gesi, na mifugo imo humo, kwa hiyo afisa wa mifugo anayemsaidia mkulima kupata maziwa zaidi kwa ng'ombe mmoja anafanya kazi ya tabianchi bila kuvaa fulana yake. Hiyo ni kazi ya miaka mingi na sina hesabu yake, naiachia wenye taaluma.

Miti je? Napenda miti. Lakini mche uliopigwa picha si mti. Na hapa Meru hatuna kisingizio cha kutojua kuhesabu. Mpango wa TIST, unaowalipa wakulima kwa miti waliyopanda kupitia soko la hewa ukaa, ulifika Kenya 2004, na vikundi vya wakulima wa Meru vimo ndani yake. Wahesabuji wake walikuwa wakipita shamba kwa shamba na zile kompyuta ndogo za Palm pamoja na GPS, wanahesabu mti mmoja mmoja na kupima unene wake. Fikirieni hilo! Enzi ambazo wengi wetu tulikuwa tunapanga foleni saiba kufungua barua pepe ya Yahoo, mkulima wa mlimani alikuwa na hesabu ya miti yake kwa kipimo cha setilaiti. Kwa sababu gani? Kwa sababu mnunuzi halipii mti usiohesabiwa. Mkulima mwenye ekari moja anahesabiwa hivyo, lakini bajeti ya kaunti nzima inapita kwa makofi.

Sasa niungame. Baada ya ule mkutano sikwenda moja kwa moja kwenye mizani. Mimi ni mtu wa programu, kwa hiyo nilitengeneza programu. Ilikuwa ya simu, na ramani, na mtu angepiga picha ya lundo la taka na kuituma. Nilikesha nayo usiku mwingi. Rangi zilikuwa nzuri sana. Waliopakua walikuwa marafiki zangu, na picha zilizoingia zilikuwa za taka zile zile mbele ya duka la rafiki yangu mmoja. Picha haina kilo. Hata ningepata picha 10,000 nisingeweza kujibu swali nililomuuliza yule afisa.

Ndipo nikaazima mizani ya jukwaa kwa muuza viazi, na kwanza nikagundua kwamba gunia si kipimo. Wauza viazi wanajua: kuna gunia na kuna lumbesa. Mkokoteni nao kila mmoja una mbavu zake. Mkokoteni wa kwanza tuliopima ulikuwa na kilo 140 za taka, uliofuata ulionekana sawa kabisa na ukatoa kilo 90, ulikuwa umejaa majani ya mgomba. Tukaacha kukadiria kwa macho. Daftari langu lina safu nne: saa, kilo, zinazooza au la, zimekwenda wapi. Kila jioni naziingiza kwenye Excel, na hesabu yote niliyowaonyesha hapa inakaa kwenye mistari isiyozidi kumi. Hakuna akili bandia, hakuna seva, hakuna ada ya mwezi. Anayetaka faili aniandikie, ni la bure, abadilishe apendavyo.

Ningekuwa na sauti kwenye bajeti ijayo ningeomba mizani moja ya jukwaa kwa kila soko kubwa, na moja ya kupimia malori pale jaani. Ningeomba karani aandike kilo kila siku, na namba hizo zibandikwe ukutani sokoni na kuingizwa kwenye ile ripoti ya mwaka inayokwenda bungeni. Kwa kila mradi unaoitwa wa kupunguza gesi, pawe na safu ya kilo kando ya safu ya shilingi. Hapo ndipo MCA wa wadi yangu angeweza kusimama na kuuliza kwa nini tani moja inatugharimu hivi kwenye paa na vile sokoni.

Nimeahidiwa dakika tano kwenye mkutano ujao wa wadi. Nitakwenda na daftari, na kama muuza viazi atakubali, nitakwenda na mizani yake pia, niiweke mbele pale pale na mkokoteni mmoja wa maganda. Mama amesema atakuja. Ila ameshanionya: nikitamka neno moja dhidi ya taa yake, atasimama anipinge mbele ya watu wote.